Lori Tulilolisomea Kabla ya Kulijaribu

Mwanangu Zuhura,

Sikuulizi hujambo, kwa sababu nakusikia kutoka chumba cha pili ukihangaika na lile begi. Umelifunga, umelifungua, umelifunga tena. Hilo umerithi kwangu, uzuri ni wa mamako. Mimi nami tangu tuswali isha nimetoka uani, nimeingia, nimekaa, nimesimama, nimekunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Mwisho nimechukua kalamu yako ili niseme nawe kwa maandishi. Kwa mdomo nimejaribu wiki nzima, na kila nikianza hujikuta nakuuliza kama umenunua soksi.

Mambo ya soksi basi nayaacha. Ya kufunga mlango, ya kutopokea chakula cha mtu njiani, ya kumsaidia mamako mdogo kazi za nyumba huko Pangani ya Nairobi, yote umeshaambiwa na mamako, na aliyoyasahau umeambiwa na nyanyako. Mimi nataka kukueleza habari ya lori. Usicheke. Najua katika nyumba hii nikitaja lori kila mtu hukumbuka kazi aliyoiacha jikoni. Lakini kuna kipande chake hujapata kukisikia. Huko unakokwenda kuanza kazi, kwenye gereji ambako utakaa meza ya kupokea magari ya watu yanayoletwa kutengenezwa, yuko mtu anayekijua. Nisipokwambia mimi, siku moja utaambiwa na mwengine, halafu utakaa Nairobi ukijiuliza babako ni mtu wa namna gani. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Ulikuwa mdogo, bado unasoma juzuu chuoni kwa Maalim, tulipokuwa na lile lori la buluu. Lilikuwa likibeba mawe ya kujengea kutoka matimbo ya Utange, likiyapeleka popote palipokuwa pakijengwa, Bamburi, Changamwe, hata ng'ambo ya Likoni. Dereva alikuwa mjomba wako Shee, ndugu wa mamako. Wewe umemjua Shee akiwa mtu wa mizaha na kucheza bao. Wakati ule wenye matimbo walikuwa wakimtaka kwa jina, kwa sababu Shee alikuwa akishuka na mzigo kwenye ile miteremko ya mawe matupu na jiwe moja halianguki. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta wateja na kusema sana. Tulikula kwa mikono ya Shee, na nalisema wazi ingawa wakati ule sikupata kulisema hata mara moja.

Breki zilipoanza kulegea, Shee alitaka tumpelekee fundi wetu wa hapa Kisauni, yule aliyekuwa akilala chini ya magari juu ya gunia. Nikakataa. Nikasema lori tulilinunua kwa wenyewe, tutalirudisha kwa wenyewe. Wenyewe walikuwa kampuni moja kule Changamwe. Zuhura, ungeliona pale mahali ungenisamehe kidogo. Sakafu imepakwa rangi, mafundi wamevaa sare, pana benchi la wageni na maji baridi, na msichana anayepiga taipu bila kuangalia vidole. Mimi mtu wa timbo, nguo zangu zina vumbi la mawe, nilisimama pale nikajiona nimeheshimiwa. Nikawaachia lori. Kila nikienda huambiwa njoo Jumatatu, na Jumatatu huambiwa njoo Alhamisi, nami narudi nyumbani nikimwambia mamako kwamba kazi nzuri haitaki haraka. Siku waliyoniita kulichukua, nilitia sahihi nilipoonyeshwa na kidole. Sikuuliza wametoa nini wala wametia nini. Niliona haya. Kumuuliza mtu aliyevaa sare vile nilidhani ni kumtukana.

Sasa sikiliza upumbavu wa babako. Lori halijafika nyumbani, mimi nimeshaalika watu. Maalim kaja na wanafunzi wake, majirani wa huku na huku, hata wale tusiosemezana nao. Yasini imesomwa pale uani, lori limeegeshwa mbele ya mlango liking'aa, maana walikuwa wameliosha, hilo walilifanya vizuri sana. Pilau imeliwa, halwa imekuja, kahawa imepita. Wewe mwenyewe ulipandishwa ukapiga honi, ukakataa kushuka. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya arusi yangu, na ukimwonyesha mamako barua hii, ukurasa huu uuruke.

Watu wananawa mikono, Shee akanivuta kando. Yeye ndiye aliyelileta kutoka Changamwe.

"Shemeji, breki hii yenda chini," akaniambia. "Naikanyaga mara ya kwanza haishiki. Mpaka niikanyage tena."

"Labda ni mpya, haijazoea."

"Breki haizoei, shemeji. Yashika au haishiki. Hawakutengeza kitu hawa."

"Shee, watu hawajamaliza hata kunawa. Wataka nitoke niwaambie nini, kwamba tumemshukuru Mungu kwa uwongo?"

Akaniangalia. Shee ni mdogo wangu kwa umri, tena nimemuoa dada yake, na katika nyumba zetu unajua namna mambo hayo yanavyomfunga mtu mdomo. Akasema, "Haya, shemeji," akaenda kuwasaidia vijana kukusanya sinia.

Ningelirudisha kesho yake. Nilikusudia hivyo, wallahi. Lakini kesho yake kila niliyekutana naye njiani alinipa mkono: hongera, Bwana Omari, tumelisikia linanguruma. Ningemwambia nani kwamba lori lililosomewa jana leo linarudi gereji? Nikasema tungoje wiki ipite, watu wasahau. Shee akaendelea kuliendesha, akienda polepole, akikanyaga mara mbili. Siku zikapita hivyo, nami nikaanza kujiambia kwamba pengine yeye ndiye mwenye woga.

Ilikuwa kwenye mteremko wa timbo, limejaa mawe. Alikanyaga mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hapana kitu. Chini ya mteremko ule walikuwapo kina mama wanaoponda kokoto, na watoto wao wamelazwa kivulini. Shee angeweza kuruka. Utingo wake aliruka, na hakuna aliyemlaumu. Yeye alibaki ndani akakata usukani, lori likaenda kujibamiza kwenye ukuta wa timbo. Mbele yote ikaingia ndani. Alivunjika bega na mbavu, na bega lile hata leo halinyanyuki vizuri. Wale kina mama hawakuguswa hata na kijiwe.

Nilipofika hospitali alikuwa amelala ameelekea ukutani. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, nipate pa kuanzia kusema. Alisema tu, "Shemeji, waulize breki zile." Nami nikaenda Changamwe, lori limeshakokotwa huko, nikiwa na hasira ya watu watatu.

Hapo nikafanya kosa jengine, nalo nalitaka ulijue vizuri kwa sababu kila siku utaliona likiingia mlangoni kwako. Nilipiga kelele. Niliwaita wezi mbele ya wateja wao, nikaipiga meza ya yule msichana wa watu mpaka karatasi zake zikaanguka. Bawabu akanitoa nje kwa kunishika mkono, nami mtu mzima. Nilidhani nimewakomesha, kumbe nimewasaidia. Tangu hapo hawakuwa na haja ya kuzungumza habari ya breki, walizungumza habari ya mzee mkorofi. Meneja akaniita siku nyengine, tai shingoni, sauti ya taratibu.

"Mzee, hiyo gari ilitoka hapa ikiwa sawa. Umeitumia siku hizo zote hujasema kitu. Dereva wako ndiye alikuwa anaenda mbio," akasema. "Sisi tutakusaidia, tutakurekebishia. Lakini huyo dereva badilisha."

Neno hilo halikubaki ofisini kwake. Aliwaambia na wenye matimbo, maana malori yao nayo yalikuwa yakitengenezwa pale pale. Wiki haikwisha, Shee akaambiwa akipona asirudi timboni. Dereva mzembe. Zuhura, bega lilimuuma lakini alilivumilia. Hilo jina ndilo lililomlaza. Mtu aliyewachagua watoto wa watu badala ya mbavu zake anaitwa mzembe, na mimi niliyeambiwa habari ya breki kwa mdomo wake naambiwa nimbadilishe. Mamako aliacha kusema nami. Alinitengea chakula, akageuka. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba wewe ulianza kuniuliza kama kuna mtu amekufa.

Kwa hiyo nikarudi Changamwe, safari hii kwa adabu. Nilikwenda kila siku ya kazi, mapema, nimevaa kanzu safi na kofia, nikakaa kwenye benchi lao. Bawabu nikamuamkia kwanza mimi, ingawa ni mdogo kwangu, nikamuuliza habari za watoto mpaka nikayajua majina yao. Yule msichana wa taipu nilimuomba radhi, nikawa namletea ndimu za uani kwetu. Nikiulizwa nataka nini nasema, "Nangoja jawabu la breki, mwanangu, sina haraka." Ni vigumu kumtupa nje mtu anayekuuliza hali ya mgonjwa wako. Meneja alikuwa akipita akiangalia saa yake ili asiniangalie mimi. Lakini jawabu halikuja.

Adhuhuri ikifika, mafundi Waislamu walikuwa wakiswali nyuma ya stoo ya matairi, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Nami nikaswali nao. Hapo ndipo nilipomwona kijana mmoja wa Utange, ambaye mara tu imamu akitoa salamu hunyanyuka. Unajua sisi tukimaliza kuswali mtu humpa mkono jirani wa kulia na wa kushoto kwake. Yeye hakuwahi kunipa. Nikauliza jina lake na kazi yake. Nikaambiwa ni fundi wa breki.

Nisome vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Kuanzia siku ile nilihakikisha nasimama karibu naye kwenye safu. Sikwenda pale kuswali, mwanangu. Nilisimama mbele ya Mungu nikimvizia mtu. Bega langu limegusa bega lake, naye najua hakuwa akijua anasoma nini, na mimi pia sikujua. Imamu akitoa salamu mimi nimeshamnyooshea mkono. Siku za mwanzo alinipa haraka akakimbia. Siku moja nikaushika sikuuachia.

"Kijana, mtu wangu yuko kitandani. Aitwa mzembe. Wewe watosheka?"

Alianza kulia kabla hajajibu. Akaniambia kwamba raba mpya za breki, zile zinazozuia mafuta yake yasivuje, hazikuwamo kwenye stoo. Meneja alimwambia azioshe zile kuukuu, azirudishe, lori lioshwe na litoke, maana mwenyewe amechoka kungoja. Aliyechoka kungoja ni mimi.

"Mzee, nina watoto wawili," akasema. "Nakuomba liishie hapa hapa."

Nikamwambia, "Sitakutaja."

Na sikumtaja. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwa meneja, nikasimama mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nataka mfungue breki za lori langu mbele ya macho yangu. Nataka kuziona raba." Rangi yake ikabadilika. Wateja walikuwa wanasikiliza, na kwa adabu yangu yote ya wiki zile hakuna aliyeweza kuniita mkorofi. Zikafunguliwa. Raba zilikuwa zimelika, nyengine imepasuka. Lori likatengenezwa lote upya wasinitake kitu. Meneja akawapelekea habari wenye matimbo kwamba kosa halikuwa la dereva. Shee aliposikia alikaa kitandani akaomba uji. Mamako akaniambia, "Umechelewa kurudi, chakula kimepoa," nami nikaenda uani nikalia kwa furaha.

Wewe umeisikia hadithi hii mara ngapi, na kila mara inaishia hapo, kwenye uji wa mjomba Shee. Nilipokwenda kulichukua lori yule kijana hakuwapo. Nikamuuliza bawabu. Akaangalia chini. Kijana amefukuzwa siku ile ile zilipofunguliwa breki, maana nani mwengine angeweza kujua kulikuwa na nini mle ndani? Meneja alibaki kwenye kiti chake. Alinipa hata kalenda.

Nilijitetea kwa miaka. Sikumtaja, nilikuwa nikijiambia, nilitimiza ahadi. Shee alikuwa na haki ya kurudishiwa jina lake, na hilo nalishikilia mpaka leo. Lakini yako mawazo mengine hunijia nikiwa naswali, hasa nikiwa naswali. Yale maneno niliyomwambia meneja, fungueni nione, ningeweza kuyasema siku ya kwanza kabisa. Lori lilikuwa langu. Hayakuhitaji siri ya mtu. Ningeweza kuyasema siku ya kulichukua, kabla ya pilau, kabla ya mama yeyote kukaa chini ya mteremko ule. Nilikwenda kuyatafuta kwenye kinywa cha kijana mwenye watoto wawili kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuyasema peke yangu. Na baada ya kuyapata sikukanyaga kwake. Utange ni hapa tu, ningekwenda kwa miguu. Nilisema nitakwenda Ijumaa, nikasema nitakwenda baada ya Ramadhani.

Aliyekwenda ni mjomba wako. Aliposikia kwa watu wa Utange habari ya fundi aliyefukuzwa, bega limefungwa kitambaa, alikwenda kumshukuru mtu aliyemrudishia jina lake, akakuta nyumba haina moto. Shee ndiye aliyemtafutia nafasi kwa madereva wenzake wa masafa marefu, wakampeleka Nairobi, wakamtambulisha kwenye magereji ya huko mpaka akapata kazi. Wakawa ndugu tangu hapo. Hakuniambia kwa muda mrefu, na aliponiambia hakuongeza neno, alinipa habari tu kama mtu anayekwambia mvua imenyesha Kilifi.

Jina la kijana yule ni Kassim. Ndiye Bwana Kassim, Zuhura. Ndiye huyo rafiki wa mjomba Shee aliyepeleka karatasi zako kwa wakubwa wake na kusema binti huyu namjua anatoka nyumba nzuri. Sasa yeye ni msimamizi wa mafundi wa breki pale pale utakapokaa wewe. Ndiye atakayekupokea basi likifika. Shee anasema Kassim alijua wewe ni mtoto wa nani kabla hajakunyanyulia kidole, na hakusema kitu, alisema tu mlete. Mamako anadhani hiyo ni dalili kwamba amesahau. Mimi sidhani. Mtu hasahau siku aliyowarudia watoto wake bila kazi.

Sasa unaona kwa nini situlii. Wewe utakaa kwenye meza ile, mbele yako atasimama mzee anayepiga kelele, nyuma yako atakuwapo fundi aliyeambiwa aoshe raba kuukuu. Nimejaribu tangu jioni kukutafutia neno la kukusaidia siku hiyo, sina. Mimi mwenyewe nimekuwa yule mzee, na yule fundi nimemponza. Ninaloweza kukwambia ni kwamba wote wawili watakuwa na watu nyumbani, na kwamba mwenye gari akitaka kuona ndani ya gari lake, aonyeshwe, hata kama meneja anaangalia saa.

Jioni hii umezunguka nyumba zote kuwaomba majirani radhi, kama inavyompasa msafiri. Uliporudi uliniuliza, "Baba, nimemaliza wote, au yuko niliyemsahau?" Nikakujibu hapana. Nimeshindwa kulala kwa jawabu hilo. Aliyesahauliwa ni wangu mimi, si wako, na siwezi kukutuma wewe uniombee radhi kwa mtu anayekupa mkate. Ukifanya hivyo atakusamehe kwa kuona haya, na mimi nitabaki pale pale.

Kwa hiyo nimekata tikiti mbili. Mamako anajua, ndiye aliyenipigia pasi kanzu. Kesho utadhani nakusindikiza mpaka kwenye mabasi ya Mwembe Tayari, kisha utaniona napanda. Barua hii nitakupa tukishaipita Mariakani. Isome taratibu. Mimi nitakuwa kiti cha pili nimefumba macho, lakini usidanganyike, nitakuwa macho, nasikia kila ukurasa unavyogeuka.

Nataka kusimama mbele ya Kassim nimnyooshee mkono, na asipoupokea nijue. Lakini ni siku yako ya kwanza, na kazi ni yako, na yeye atakuwa mkubwa wako. Huenda nikaiharibu siku hiyo. Huenda akikuona nami moyo ukamgeuka. Tangu jioni napima na sipati jawabu, basi nakuachia wewe, ingawa si haki kumwachia mtoto jambo kama hili. Ukiona nisije, niguse bega kabla hatujafika Voi. Sitakuuliza kwa nini. Nitashuka, nitatafuta gari la kurudi Mombasa, nawe utaendelea na safari yako na radhi zangu zote. Usiponigusa, tutafika pamoja.

Babako,
Omari